Umeme wa Pwani: Nani Aliwashiwa, Nani Alirukwa?

Leo tuongelee umeme. Usikimbie, sitaanza na mgawo wala na bei ya yuniti. Nataka tuuongelee umeme kama tunavyoongelea ukoo: ulizaliwa wapi, ulilelewa na nani, ukahamia wapi, na ni nani katika ukoo huo alinyimwa urithi.

Wazo hili limetokea mbali kidogo, Istanbul, Uturuki. Kule, mwisho kabisa wa ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, kuna kituo cha kufua umeme kiitwacho Silahtarağa. Kilianza kazi mwaka 1914, wakati nchi ile bado inatawaliwa na masultani. Kazi yake ilikuwa kuchoma makaa ya mawe, kuchemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo, umeme ukaenda kwenye taa na tramu za mji. Kilifanya kazi hadi mwaka 1983, kikazimwa.

Hebu fikiria kituo hicho kingekuwa kwetu. Mitambo mikubwa ya chuma imekaa bila kazi, uzio umechakaa, mlinzi ni mmoja. Unajua na mimi najua: wanunuzi wa chuma chakavu wangekuwa wameshafika mlangoni na mizani yao. Wenzetu walikikarabati, na mwaka 2007 wakakifungua kuwa makumbusho ya nishati ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Bilgi. Mitambo imeachwa palepale ilipokuwa. Chumba cha kuongozea kipo na swichi zake. Watoto wa shule wanapita katikati ya mashine ambazo babu zao walizisikia zikinguruma. Wareno nao walifanya hivyo hivyo Lisbon: kituo chao cha Tejo kilicho kando ya mto kikawa makumbusho ya umeme mwaka 1990.

Nikaanza kupanga vyumba kichwani. Tuseme na sisi tumeamua kujenga makumbusho ya umeme wa pwani hii, kuanzia Dar kwenda Bagamoyo, Pangani hadi Tanga, pamoja na Unguja ng'ambo ya maji. Tungeweka nini ndani? Mashine peke yake hazitoshi, maana mashine ni chuma na chuma hakisemi. Kila chumba nilichokipanga kilinirudisha kwenye swali moja: umeme huu ulimfikia nani, na ulimruka nani? Twende chumba kwa chumba.

CHUMBA CHA KWANZA: UNGUJA

Hapa lazima tuanze na majigambo. Vijiweni utasikia kwamba Zanzibar ilikuwa na umeme kabla ya London. Ni hadithi tamu, na mtu akiisimulia anavimba kifua. Sasa tuipime.

Kampuni ya umeme ya Kenya, katika historia yake yenyewe, inaanza simulizi mwaka 1875. Inasema mwaka huo Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash bin Said, alijipatia jenereta ya kuwasha kasri lake na mitaa ya jirani. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Lakini mwaka 1875 balbu tunayoifahamu ilikuwa bado haijatoka. Swan na Edison walikuja kuionyesha dunia mwishoni mwa miaka ya 1870. Kwa hiyo kama jenereta ilikuwepo mwaka huo, ingewasha zile taa kali za cheche zilizotumika kwenye minara ya bahari na viwandani. Kitu ambacho hakina utata ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 pale Forodhani. Ndilo linalotambulika kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Jina lenyewe maana yake ni nyumba ya maajabu. London, kwa upande wake, ilikuwa na kituo cha umeme cha Holborn mwaka 1882. Kwa hiyo tuseme ukweli: tulikuwa karibu sana nao, na hiyo peke yake ni habari kubwa.

Lakini jigambo hilo linafunika swali letu. Taa hizo ziliwashwa kwa ajili ya nani? Historia ile ile inajibu: kasri na mitaa ya jirani. Ukivuka mkono wa maji wa Darajani ulikuwa unaingia Ng'ambo, walikokaa wavuvi, vibarua, watumwa na waliokuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulitambuliwa kisheria visiwani hadi 1897. Maana yake ni kwamba Beit al-Ajaib iliwashwa umeme wakati binadamu bado ni mali ya mtu. Ukisimama kwenye chumba hiki cha makumbusho yetu, upande mmoja kungekuwa na taa ya sultani, upande wa pili kibatari cha Ng'ambo. Miaka ni ile ile, mji ni ule ule.

CHUMBA CHA PILI: BAGAMOYO

Sasa tuvuke bahari. Kabla ya umeme, pwani yetu iliendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni upepo: kaskazi uliwaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ukawarudisha. Ya pili ni mabega ya watu. Bagamoyo ulikuwa mji wa mabega. Misafara ilitoka bara, kutoka Tabora na Ujiji, wapagazi wamebeba pembe za ndovu. Wakati wa kurudi walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi, na aliutembeza kwa miguu miezi kadhaa. Wengi walikuwa Wanyamwezi. Wakati wa msimu walifurika mjini kwa maelfu.

Tumezoea kusema kwamba kabla ya mashine hapakuwa na nishati. Ilikuwepo. Ilikuwa inakula ugali na kuumwa mgongo. Ndiyo maana naona makumbusho ya nishati ya pwani yetu yasiyo na mpagazi ndani yake yangekuwa ya uongo.

Umeme wa kwanza kufika Bagamoyo haukuwasha taa hata moja. Ulikuja kwa njia ya simu ya maandishi. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu chini ya bahari mwaka 1879, na mwaka 1890 waya ukatandazwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Bagamoyo wakati huo ulikuwa makao makuu ya Wajerumani. Wakubwa wa Berlin waliweza kupata habari za Bagamoyo haraka kuliko mtu wa Msata. Kazi ya kwanza ya umeme katika mji huu ilikuwa kupeleka amri.

Mwaka uliofuata, 1891, makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam kwa sababu ya bandari yake yenye kina. Bagamoyo ukabaki na majumba, misheni na misafara iliyokuwa inapungua.

CHUMBA CHA TATU: MWAKA 1908

Kuna miaka fulani katika historia ambayo mambo hurundikana. Kwa umeme wa Afrika Mashariki mwaka huo ni 1908.

Dar es Salaam iliwashwa mwaka huo. Wajerumani waliweka umeme kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao wenyewe. Zingatia neno reli. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Kigoma 1914. Reli hii ndiyo iliyomaliza kazi ya mpagazi. Mzigo uliohitaji mamia ya mabega sasa ulipakiwa kwenye behewa moja, na behewa halikupita Bagamoyo. Kwa hiyo umeme wa kwanza wa Dar ulikuwa unahudumia chombo kile kile kilichoipokonya Bagamoyo riziki yake. Taa moja iliwaka, mji mwingine ukafifia.

Mwaka huo huo, tukirudi kwenye simulizi la kampuni ya Kenya, mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua ile jenereta ya Sultani, ikawa mwanzo wa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo tena, mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kupeleka umeme Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliungana, ikazaliwa East African Power and Lighting. Likumbuke jina hilo, maana litaturudia Pangani.

Nataka ulione jambo moja hapa. Mashine iliyokuwa pambo la kasri imevuka bahari na kuwa biashara. Kuanzia hapo umeme haukuwa tena maajabu ya kuonyesha wageni. Ulikuwa bidhaa, na bidhaa humfuata mwenye fedha.

CHUMBA CHA NNE: PANGANI

Hiki ndicho chumba ninachokipenda kuliko vyote.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza alichukua Tanganyika, na serikali yake ikaendesha umeme kupitia idara maalumu. Mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa makampuni binafsi mawili. La kwanza ni DARESCO, lililopewa Dar es Salaam na miji ya kandokando ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma. La pili ni TANESCO. Naam, jina tunalolijua leo kama shirika la umma lilizaliwa kama kampuni binafsi. Na mwaka 1932 wenye hisa nyingi ndani ya TANESCO wakawa East African Power and Lighting, wale wale wa Kenya.

TANESCO walipewa kaskazini, na kaskazini wakati huo maana yake ilikuwa mkonge. Tanga, Muheza, Korogwe, Pangani, kote mashamba ya mkonge yametanda. Mkonge hauuzwi ukiwa jani. Lazima upite kwenye mashine za kuukwangua, na mashine hizo zinataka nguvu kubwa. Kwa hiyo wakautazama Mto Pangani, pale unapoteremka kwa kishindo chini ya Hale ukielekea baharini, wakajenga kituo cha kufua umeme kwa maji. Kilianza kazi katikati ya miaka ya 1930, kikawa kinapanuliwa hadi kufikia megawati 17.5. Kwa nchi ya wakati ule hiyo ilikuwa mali.

Umeme wa Pangani ulikwenda wapi? Ulikwenda kwenye mashamba ya mkonge. Ulikwenda mjini Tanga. Baadaye sehemu yake ikavushwa mpaka hadi Mombasa. Wale manamba waliokata mkonge, waliosombwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, walikaa kwenye kambi za mashamba ambako mashine ya kukwangua mkonge ilikuwa na umeme na nyumba ya mkata mkonge haikuwa nao. Nyaya zilikatiza vijiji vya Wabondei na Wazigua zikiwa juu ya nguzo ndefu. Ukiwa chini uliweza kuziona, hukuweza kuzitumia.

Hapa kuna somo ambalo wataalamu wa umeme wanalijua vizuri na sisi wengine hatukuelezwa. Umeme mkubwa husafirishwa ukiwa na msukumo mkali sana, ili usipotee njiani. Huwezi kuuchota tu kwenye nguzo kama unavyochota maji bombani. Unahitaji kituo cha kuupoza, transfoma, nguzo ndogo, waya wa nyumba kwa nyumba. Kila hatua ni gharama, na kila hatua kuna mtu anayeamua: kijiji hiki ndiyo, kijiji hiki hapana. Mkoloni aliamua kwa hesabu ya mkonge. Kwa hiyo mwanakijiji aliyekaa chini ya nyaya bila taa hakuwa amesahauliwa na bahati mbaya. Alikuwa amepigiwa hesabu akatolewa.

CHUMBA CHA TANO: RAS KIROMONI

Uhuru ulikuja 1961. Mwaka 1964 serikali ilinunua hisa za wenye TANESCO, na DARESCO ikaunganishwa humo. Kufikia mwaka 1975 hisa zote zilikuwa mikononi mwa umma. Kituo cha Hale cha megawati 21 kilianza mwaka 1964, Nyumba ya Mungu kikafuata mwaka 1968, na mwaka 1975 Kidatu ikaingia. Nchi ikaanza kushonwa kwa nyaya. Laini ya kilovolti 132 ya kutoka Hale ikaja hadi Chalinze, ndani ya Wilaya ya Bagamoyo.

Halafu likatokea jambo ambalo Seyyid Barghash asingeliamini hata kwa kiapo. Ukitoka Dar kwenda kaskazini, ukapita Kunduchi na Mbweni, kuna rasi inaitwa Ras Kiromoni. Mwaka 1980 waya wa umeme wenye uwezo wa megawati 45 ulitandazwa chini ya bahari kutoka hapo hadi Fumba, Unguja. Kisiwa kilichokuwa na umeme miaka zaidi ya 20 kabla ya Dar es Salaam sasa kikawa kinapokea umeme kutoka kwenye ufukwe huu wa Mrima. Ule ufukwe ambao zamani ulikuwa unapokea amri kutoka Unguja ndio sasa ulioshika swichi.

Na swichi ikaja kuzima. Mei 2008 Unguja iliingia gizani, ikakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikarudi tena gizani, safari hii ni miezi 3, hadi Machi 2010. Pampu za maji zikasimama. Hoteli zikabaki na jenereta, na wasio na jenereta wakarudi kwenye kandili na ndoo. Samaki wa kwenye majokofu wakaoza. Mji wa Beit al-Ajaib, mwaka 2010, ukatembea na koroboi. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013 kwa fedha za msaada wa Marekani, na Pemba ilishapata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010.

Kwangu mimi chumba hiki kingekuwa na kipande cha waya huo tu, kimekatwa ili watu waone kilivyo ndani. Chini yake tungeandika tarehe zile za giza. Watu wanaopenda kubishana kuhusu Muungano wangekaa hapo muda mrefu.

CHUMBA CHA SITA: TEGETA

Hiki hakina mashine nyingi. Kina makaratasi.

Nilisema sitaanza na mgawo, sikusema sitaufikia. Nchi ilipotegemea maji, ikawa mateka wa mvua. Ukame wa miaka ya mwanzo ya 1990 uliibana serikali, na mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa IPTL, kampuni iliyojenga kituo cha megawati 100 pale Tegeta, kandokando ya njia ya Bagamoyo. Kikabishaniwa hadi kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, na kikaanza kuuza umeme mwaka 2002. Ukame mwingine ulikuja mwaka 2006, ukazaa mkataba wa dharura wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge. Mwaka 2014 likaja suala la Escrow, fedha zilizokuwa zimehifadhiwa Benki Kuu kutokana na mgogoro ule ule wa Tegeta. Hadi kufika Januari 2015 Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mawaziri 2 walikuwa wameshaondoka ofisini.

Wengine watasema haya ni siasa, yasiingizwe makumbusho. Mimi nasema hayo ndiyo yenye kustahili kioo na taa. Kwa sababu mtu wa kawaida alilipia mikataba hiyo kila aliponunua LUKU. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ndivyo jina linavyosema, lakini ndani ya kila yuniti kulikuwa na gharama ya mitambo ambayo alikuwa anailipia hata pale ambapo haikuwashwa. Mtoto wa shule akitoka chumba hiki akiwa anajua kusoma mkataba, makumbusho yatakuwa yamefanya kazi kuliko darasa.

Kwenye chumba hiki hiki ningeweka na mambo ya mtaani. Ngazi ya kishoka, yule fundi asiye na kitambulisho anayekuunganishia usiku. Karabai ya wavuvi wa dagaa. Chemli iliyotundikwa dukani kwa Mangi wakati wa mgawo. Jenereta ndogo ya saluni, ile inayokaa nje na kunguruma hadi mteja hasikii anachoulizwa. Na gunia la mkaa, tena ningeliweka katikati ya chumba. Misitu ya Bagamoyo na wilaya za jirani imeliwa kwa miaka mingi na majiko ya Dar, mji wenye umeme kuliko mingine yote nchini. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, lengo ni kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Lakini linatuonyesha kwamba zaidi ya miaka 100 baada ya taa ya kwanza ya Dar, jiko lilikuwa bado halijafikiwa na historia yote hii niliyoisimulia. Taa ilifika sebuleni. Mama aliachwa na moshi.

SASA, NYUMBA YENYEWE IKO WAPI?

Ningependa kusema Beit al-Ajaib. Ingekuwa sahihi kuliko zote: umeme wa pwani umesimulia mwanzo wake hapo, na jengo lilishakuwa makumbusho ya historia na utamaduni. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Watu 2 walipoteza maisha. Jumba lilisimama hata mizinga ya Waingereza ilipofyatuliwa Agosti 1896 katika ile vita ya chini ya saa moja. Lilishindwa na miaka yetu ya kuliangalia likichakaa, maana roshani yake ilishaanza kuanguka mwaka 2012. Hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Jengo la zamani lina mahitaji ya kila mwaka, kama mzee mgonjwa, na ukilipa matunzo mara moja baada ya miaka 30 umechelewa.

Kwa hiyo nampigia kura mto. Kituo cha zamani cha Pangani kilipumzishwa baada ya kipya cha megawati 68, ambacho mitambo yake iko chini ya ardhi, kuanza kazi mwaka 1995 kwa msaada wa Norwei, Swideni na Finlandi. Pangani ni mahali ambapo hadithi yote inakutana: mto, mkonge, manamba, fedha za Nairobi, umeme wa Mombasa, nguzo juu ya paa za makuti. Hapo hatuhitaji kujenga jumba la fahari. Tunahitaji kuitunza mitambo iliyobaki, kuweka mtu wa kuieleza, na kumruhusu mwanafunzi wa Korogwe aingie bure.

Najua utaniuliza: nchi yenye shida ya zahanati na madawati, makumbusho ya nini? Swali ni halali. Jibu langu ni Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na wa mwisho 2025. Umewahi kuona nchi ikisheherekea namba kiasi hiki? Na ni haki yetu kusheherekea, tumeijenga kwa fedha zetu. Lakini Pangani inatunong'oneza kitu. Mwaka 1936 nao walisherehekea nguvu ya mashine, na aliyekaa chini ya waya akabaki gizani. Megawati hupimwa pale bwawani. Taa hupimwa kwenye nyumba ya mwisho ya kitongoji. Kati ya vipimo hivyo viwili ndiko kuna nguzo, transfoma, fomu, ada ya kuunganishiwa na mtu anayeamua. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba umeme ukiachiwa ujiendee wenyewe hufuata fedha. Taifa lisilokumbuka nani alirukwa jana litaruka watu wale wale kesho, tena likiwa linapiga makofi.

Wakati tunasubiri wakubwa waamue, kuna kazi ambayo haihitaji bajeti. Waliofanya kazi DARESCO wakiwa vijana sasa ni wazee sana. Waliochimba mashimo ya nguzo za Hale, waliokuwa wanasoma mita kwa baiskeli, mama aliyekumbuka siku taa ilipowaka mtaani kwao mara ya kwanza, wote wanaondoka mmoja mmoja. Kama una babu wa namna hiyo, Jumapili hii mpelekee hata sukari, ukae naye chini. Usimuulize megawati. Muulize taa ya kwanza aliiona wapi, ilikuwa ya nani, na yeye alisimama upande gani wa dirisha. Andika anachokujibu, uweke na tarehe.